Boga la Mzee Tembo na Mbegu Zake

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakilima kwa jembe, walianzisha chama cha wakulima. Hakikuwa na makuu. Baada ya mavuno walikutana uwanjani, kila mmoja na kikapu chake, wakaulizana, "Hii umeipandaje?" kisha wakarudi nyumbani na mbegu za jirani. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yao.

Sijui nani alileta wazo la kumpa mshindi kombe. Ningemjua ningemgombeza. Tangu hapo mazao yakazungushiwa kamba, ikawa marufuku kuyagusa isipokuwa kwa mwenyewe. Mzee Tembo akashinda kila mwaka kwa boga lake, kubwa kama banda la kuku, na mbegu zake hakumpa mtu. Angempaje, halafu akashindwa?

Mwaka mmoja paa la Mama Pimbi lilivuja, mbegu zake zote zikaoza ghalani. Mvua za kupandia zilikuwa karibu, na watoto wake walikuwa wanne, wote walaji. Siku ya maonyesho akamwendea Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Simama nyuma ya kamba."

"Naomba mbegu kidogo tu, Mzee. Sina cha kupanda, na watoto watalala njaa."

"Ili mwakani uje unishinde kwa mbegu zangu mwenyewe? Nenda zako, Mama Pimbi."

Iliuma, wanangu. Lakini Pimbi hakulia. Alilitazama boga, akatikisa kichwa taratibu.

"Una nini tena?" Tembo akauliza.

"Si kitu, Mzee. Ni maneno ya watu tu. Eti boga lako ni ganda tupu, ndani upepo. Eti ndiyo maana hutoi mbegu, huna. Mimi nimekutetea, ila mdogo kama mimi nani atanisikiliza?"

Masikio ya Tembo yakapiga pa, pa, pa. Mzee Kobe, mwenyekiti wa chama, akamsihi, "Achana nao, Mzee. Kombe ni lako tayari."

Tembo hakusikia. Aliinua mguu, akaushusha. Pwaa! Boga likapasuka, mbegu zikang'aa ndani kwa wingi wake.

"Haya, tazameni," akasema.

"Mimi naziona, Mzee," Pimbi akasema kwa upole. "Ila akina Panya na Kicheche kule nyuma, kwa mbali wanaweza kudhani ni kokoto."

"Kokoto?" Tembo akazoa mbegu kwa mkonga, akazirusha juu ya kamba. Fyuuu! "Shikeni! Hizo ni nini?"

"Ni mbegu, Mzee," wakajibu, huku wakizitia vikapuni.

"Na wale wa upande ule?" Pimbi akauliza.

Fyuuu! Na upande ule. Fyuuu! Na hapa karibu, aliposimama Pimbi mwenyewe na kanga yake ameikunjua. Tembo alirusha mpaka boga likawa ganda tupu kweli. Hapo ndipo hasira ilipompungua, akaona alichofanya.

"Zirudisheni," akasema.

Kobe alikohoa kidogo. "Mzee, sheria ya chama inakataza kugusa mali ya mtu. Haikatazi kupokea." Kisha akaongeza, kwa sauti ya aliyekumbuka jambo na kulionea huzuni, "Na hivi ndivyo tulivyoanza. Nilikuwapo."

Pimbi akafunga kanga yake vizuri.

"Asante, Mzee. Nikikwama kuzipanda, nije kukuuliza?"

Tembo aliligeuza lile ganda tupu kwa mguu.

"Mashimo yawe mapana," akanung'unika. "Na samadi usiibanie."

Basi wanangu, mwenye kiburi hutoa kwa hasira kile alichokataa kutoa kwa hiari.