Mlango wa Msiba na Chumba cha Joto

Hapo zamani, wala si zamani sana maana nyaya zilikwishafika, palikuwa na mji wa milimani uitwao Ilundo, mji wa ukungu na baridi ya kuingia mifupani. Umeme wake ulitoka kwenye mashine ndogo iliyozungushwa na maporomoko ya mto, na haukutosha kila mtu afanye apendavyo. Kwa hiyo wenyeji walijiwekea sheria. Anayewasha hita afunge mlango na madirisha. Hita isipite joto lililokubaliwa. Na atakayesababisha mji kuzimika, naye azimiwe umeme msimu wote wa baridi.

Mshika swichi za mji alikuwa Subilaga, mwanamke asiye na mchezo. Alishamzimia hata mjomba wake kwa dirisha lililovunjika kioo, na mjomba akanuna mpaka mvua zikaanza. Watu walimsema, lakini taa ziliwaka.

Basi mwaka mmoja, baridi ikiwa imekolea, Mwalimu Anyosisye akafariki. Bintiye Lugano, aliyekuwa mjamzito, alipopata habari alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akajifungua mtoto njiti. Mtoto akalazwa katika chumba cha joto cha zahanati, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Uhai wake uliutegemea umeme ule ule wa mto.

Sasa, desturi ya Ilundo ni kwamba nyumba yenye msiba haifungi mlango mpaka marehemu azikwe. Ukiufunga, ni kama umemfukuza yeye na wageni wake. Mjane, Mama Lugano, akauacha mlango wazi. Kisha akawaonea huruma waombolezaji waliotetemeka sakafuni, akawasha hita zote. Joto likawa linatoka nje, na hita zikazidi kuvuta umeme.

Ng'ambo ya barabara, Ipyana mwenye nyumba ya wageni alikuwa amepokea wazee waliotoka mbali kuja kuzika. Mlango aliufunga vizuri. Ila kile kidude cha hita kinachopima joto alikifunika kitambaa kilicholowa maji, ili hita idhani chumba bado kina baridi, isijizime.

Subilaga, ndani ya kibanda cha mashine, akaona mshale wa mita unapanda. Akanyoosha mkono kwenye swichi ya Mama Lugano. Akamkumbuka Mwalimu aliyemfundisha kusoma, akaurudisha mkono. Mshale ukapanda. Akatuma mtu kwa Ipyana, na Ipyana akajibu kwamba mlango wake umefungwa, anayetaka aje aukague. Mshale ukapanda. Akanyoosha mkono tena, na papo hapo akasikia nyimbo za kuaga zimeanza. Akajiambia kwamba wakimaliza kuaga tu watakwenda kuzika, na mlango utafungwa. Akaurudisha mkono.

Fyuzi kubwa ikalipuka, na mji wote ukazimika.

Chumba cha joto kikaanza kupoa. Lugano akamtoa mwanawe, akamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunika mablanketi. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Subilaga akabadilisha fyuzi, kisha akakimbilia zahanati. Hakuthubutu kuingia. Alisimama nje mpaka aliposikia kilio chembamba, akakaa chini kizingitini na kulia kwa hofu iliyokuwa imemjaa.

Baada ya maziko mji ulikutana penye kibanda cha mashine, na kila mmoja akasema yake.

Mama Lugano akasema, "Ningemfungiaje mlango mume wangu naye bado yumo ndani? Sheria yenu haikufikiria msiba. Lakini niliyekaribia kumzika ni mjukuu wangu, na hilo nalijua."

Ipyana akasema, "Hita niliidanganya, sikatai. Wale wazee wangekufa kwa baridi mikononi mwangu, leo mngeniambia nini?"

Subilaga akasema, "Ninyi wote hamkuuona mshale. Mimi niliuona."

Watu wakabishana. Akizimiwa Mama Lugano, mtoto akitoka zahanati ataletwa kwenye nyumba ya baridi. Akizimiwa Ipyana, msafiri atakayefika na ukungu hana pa kulala. Akizimiwa Subilaga, atavuliwa kazi pia, na ni nani mwingine atakayethubutu kumzimia mjomba wake?

Mwenyekiti wa mji akachoka kusikiliza. "Mji ulizimika, na sheria haisemi tusameheane," akasema. "Swichi anashika Subilaga. Ashushe moja kabla hatujatawanyika."

Subilaga akasimama mbele ya swichi tatu, ya mjane, ya Ipyana na ya kwake. Nyuma ya watu Lugano, aliyetoka zahanati kwa muda, alikuwa amesimama na mtoto kifuani ndani ya mablanketi, akimtazama. Subilaga akanyoosha mkono, na safari hii hakuwa na ruhusa ya kuurudisha.

Haya, ninyi mnaonisikiliza mkiwa mmejifunika vizuri, nijibuni. Je, swichi ya nani ilistahili kushuka?