Matanga ya Mkia

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi, siku moja walikuwapo watatu tu: Mjusi wa msituni, Mama Nguruwe na Kima.

Mjusi alikuwa mdogo, hazidi kidole chako. Mgongo wake ulikuwa wa rangi ya kutu, tumbo la kijivu lenye madoa. Aliishi chini ya gogo lililooza, mahali pasipokauka hata kiangazi. Hapo alikuwa ametaga mayai manne, na zilibaki siku tatu yaanguliwe.

Mama Nguruwe, mja mzito, alikuwa akija akitafuta mizizi. Fuku, fuku, fuku. Kila gogo alilolikuta alilipindua.

"Akifika hapa, wanangu wamekwisha," Mjusi aliwaza. Akakumbuka kwamba penye msiba hapalimwi wala hapachimbwi mpaka siku ya tatu. Akaubana mkia wake penye jiwe, akavuta. Pukutu, ukakatika. Akasubiri uache kurukaruka, akaufunga kwenye jani, akaanza kulia.

"Hodi, jirani. Kuna nini?" aliuliza Mama Nguruwe.

"Mwanangu ametutoka."

Kima akachungulia kutoka mtini. "Pole sana. Ila mbona marehemu mwembamba hivyo?"

"Aliugua siku nyingi."

"Kima, nyamaza," alisema Mama Nguruwe. "Huoni mwenzio amefiwa?"

Akachimba kaburi kwa pua yake, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Baada ya hapo hakufukua tena. Kwa kuwa mfiwa hapiki, kila asubuhi alimletea Mjusi mchwa juu ya jani, naye mwenyewe akashinda na njaa, tumbo likimnguruma. Mjusi alikula huku akiyakwepa macho yake.

Siku ya tatu mayai yakaanguliwa, kimya kimya. Mama Nguruwe akaja.

"Leo tunaanua matanga, mwenzangu. Nina ombi. Marehemu aliitwa nani? Nikijifungua nimpe mwanangu jina lake, lisipotee."

Jina lolote lingetosha. Mjusi akafungua kinywa, likamshinda.

"Hakuna marehemu," alisema. "Tulizika mkia wangu. Niliogopa utayavunja mayai."

Kima akaangua kicheko, kisha akamtazama Mama Nguruwe, akakikatisha.

Mama Nguruwe hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Mjusi zaidi.

"Ungeniambia una mayai, ningepita kule," alisema. "Kwani mimi si mzazi?"

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe." Akainuka polepole kwa uzito wa mimba, akaenda zake.

Wanangu, mwombe mwenzako kabla hujamhadaa, huenda angekupa.

Mama Nguruwe alijifungulia ng'ambo ya mto, watoto watano. Mjusi alizipata habari hizo kwa Kima.