Rada ya Mwakani

Uliiona damu ile thelujini, ukageuza uso. Usikane. Sote katika bonde la Teller tuliiona Novemba ile: matone mekundu kutoka ukingo wa korongo hadi kwenye misonobari, kisha yakapotea. Wewe ulipandisha kioo cha pikapu yako, ukasema ni bahati mbaya, ukaenda kunywa kahawa. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Yaani tisa zilizomo kiganjani zafaa kuliko kumi unazoambiwa uzifuate kesho, na ukifika kesho, kesho yake tena. Methali hiyo unaijua. Kuijua si kazi. Sikiliza jinsi Marva Kostelnik alivyoitenda.

Damu ile ilitokana na risasi yake. Marva, mjane wa mkata mbao, alikuwa mlenga shabaha hodari. Siku hiyo alimwona elki dume ng'ambo ya korongo, kulungu mkubwa kama ng'ombe, pembe zake kama matawi ya mti mkavu. Umbali ulikuwa yadi mia nne. Akatuliza pumzi, akafyatua. Risasi ilipita chini ya moyo, ikamvunja mguu wa mbele. Mnyama alijikokota msituni, naye Marva akamfuata mpaka giza likamzuia. Hakumpata. Kipupwe kizima jokofu lake la nyama lilikaa tupu, lakini si njaa iliyomnyima usingizi. Kilichomtafuna kama mchwa ni kule kumfikiria kiumbe akifa polepole kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hakulielewa.

Alipolielewa, alikasirika. Boksi la risasi liliandikwa kasi yake: futi elfu tatu kwa sekunde. Bondeni kila mtu huirekebisha darubini ya bunduki kwa namba ya boksi, kama vile iliteremshwa kutoka mbinguni. Kumbe namba hiyo hupimwa kiwandani kwa mtutu mrefu. Mtutu wa Marva ulikuwa mfupi. Marehemu mumewe aliukata baada ya kuanguka nao miambani na kuubonyeza mdomo wake. Risasi zake zilitoka kwa kasi ndogo zaidi. Ndogo kiasi gani? Hakuna aliyejua, kwa kuwa klabu ya shabaha haikuwa na kipima kasi.

Klabu ilikuwa na ahadi tu. Duane Haskett, mwenyekiti wa klabu na mwenye duka la bunduki, aliahidi rada ya kupima kasi ya risasi. Kila masika wanachama walikaanga chapati za maji na soseji, wakaziuza kuichangia hiyo rada, na kila masika Haskett akasema ngojeni, mwakani inatoka nzuri zaidi. Bonde hili lina kumbukumbu ndefu, hata kama wewe huna. Wenye kiwanda cha mbao nao walituambia tungoje mitambo mipya. Pale kiwandani leo pameota mbigili, na waliongoja wamehama au wamezikwa.

Mwaka uliofuata Marva akapata tena kibali cha kuwinda elki kwenye korongo lilelile. Akaapa kwamba hatamlenga mnyama mpaka aijue kasi ya risasi yake. Akishindwa, kibali kitaozea mfukoni na jokofu litakaa tupu kipupwe cha pili. Msimu ukiwa umekaribia, aliingia dukani kwa Haskett akiwa na shemeji yake Ike, mdogo wa marehemu.

"Nataka kipima kasi," alisema.

"Rada inakuja mwakani, mama. Itapima risasi na mbu aliyeipanda."

"Mwakani elki wangu atakuwa amekufa kwa uzee. Leo una nini?"

"Rada ipo moja hapo kwenye kabati la kioo, lakini ni ya mwaka jana. Klabu haiwezi kununua kitu cha makumbusho."

Marva aliitazama bei yake, akaiachia matajiri wenye ranchi. Haskett akamletea kifaa cha kufunga mtutuni. Marva akakipima uzito kiganjani, akatikisa kichwa.

"Ukiuning'inizia mtutu mzigo, shabaha inahama. Nitajua risasi inakimbiaje, nisijue inakwenda wapi. Na kile kule chini?"

Kwenye rafu ya chini palikuwa na kisanduku cha plastiki chenye macho mawili yanayotazama juu. Risasi ikipita, jicho la kwanza huona kivuli chake, kisha la pili. Kisanduku huhesabu muda uliopita kati yao na kutoa kasi.

"Kile kichezeo," Haskett alisema. "Jua likiwaka kinapofuka. Kiza kikiingia kinasinzia."

"Kama Ike kanisani," Marva alisema.

"Shemeji, mimi pale nafumba macho kwa ibada," Ike akajibu.

"Kikiwa macho kinakosea kiasi gani?"

Haskett akakuna kidevu. "Futi kumi na tano. Labda ishirini."

"Na boksi lako linakosea kiasi gani?"

Haskett akajifanya kutafuta kitu kwenye droo.

"Nifungie hicho," Marva alisema.

Alhamisi alikisimamisha kwenye miguu mitatu katika uwanja wa shabaha. Nusu ya klabu ilikuja na vikombe vya kahawa, kama watu waliokuja kumtazama jirani akiteleza. Risasi ya kwanza ilisomeka zaidi ya futi elfu sita.

"Marva, hiyo unapeleka mwezini?" mmoja aliuliza, na kicheko kikasambaa.

Marva hakutahayari. Alikuwa amekiweka karibu mno, na mshindo wa baruti uliyababaisha macho ya kisanduku. Akakisogeza mbele hatua kadhaa. Safari hii hakikusoma lolote, kwani jua lilikuwa kali. Akachukua kidumu cheupe cha maziwa garini, akakikata, akayatengenezea macho yale kipaa cha kupunguza mwanga. Sasa kikasoma.

"Hebu pisha," Haskett alisema. "Nikuonyeshe kinavyodanganya."

Akalala nyuma ya bunduki yake, akachungulia darubini, akaona njia nyeupe, akafyatua. Kona ya kisanduku ikaruka. Darubini hukaa juu ya mtutu, bwana mwenyekiti; jicho linaweza kupita mahali ambapo risasi itagonga. Ike akakohoa.

"Kimekupima, mwenyekiti. Kimekukuta pungufu."

Marva aliifunga kona kwa utepe, akakijaribu. Macho yalikuwa mazima. Akapiga risasi moja baada ya nyingine, na zote zikasomeka karibu na namba moja: elfu mbili na mia saba. Futi mia tatu chini ya boksi.

"Namba ya kichezeo hiyo," Haskett alisema. "Ngoja rada, upime vizuri."

"Karatasi nayo ni kichezeo?" Marva aliuliza.

Akatundika karatasi yadi mia nne. Kwanza alifyatua darubini ikiwa bado imewekwa kwa namba ya boksi. Tundu likatoboka chini ya alama kwa kiganja na nusu, kiasi kilekile risasi ilichoshuka chini ya moyo wa elki na kumvunja mguu. Kisha akairekebisha kwa namba ya kisanduku na kupiga tena mara tatu. Matundu yote yakakusanyika katikati, ungeweza kuyafunika kwa kisahani cha chai. Ike akaenda kuichukua bunduki yake. Nyuma yake wenzake wakapanga foleni.

"Rada ingepima kwa haraka zaidi," Haskett alisema.

"Ingepima mwakani," walimjibu.

Jumamosi, msimu ulipofunguliwa, Marva alilala kwenye ukingo wa korongo. Elki akatoka misonobarini, umbali uleule. Marva akatuliza pumzi, na safari hii hakuwa akibahatisha. Mlio mmoja tu ulisikika, na mnyama akaanguka palepale kama mzigo uliokatwa kamba.

"Hongera, shemeji," Ike aliyelala kando yake alisema, akiutazama mteremko. "Na kumbeba kupandisha huku juu, kuna methali yake?"

Sasa zamu yako. Msimu wako unafunguliwa karibuni, na bado unaiamini namba uliyochapiwa na mtu asiyeijua bunduki yako. Usiniambie unasubiri kilicho bora. Nenda leo, jua lingalipo, ununue kipimo unachokimudu, ukitege, upime, urekebishe darubini yako. Na atakayekwambia ngoja mwakani, muulize ametuambia hivyo mara ngapi. Inuka sasa hivi, kwa maana heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.