Bi Pimbi na Mito Iliyoota Ukungu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na baraza mbele ya nyumba zao, Bi Pimbi alishona mito ya sufi akaipanga barazani. Ijumaa watu walikuwa wanakuja kumposa binti yake.

Lakini Kiboko na Nyati wakaizoea ile mito. Kila jioni Kiboko alitoka mtoni akichuruzika maji, akajibwaga, pwaa! Nyati naye na matope yake. Na kwao, mgeni akishakaa barazani haambiwi ainuke. Ni aibu kubwa!

Mito ikalowa, ikaota ukungu, ikanuka.

"Mama, watu wakikalia uvundo huu si wataondoka?" binti akalia.

"Nyamaza, mwanangu. Mito itatakata, na sitamfukuza mtu."

Jioni hiyo Bi Pimbi akawaletea wale wawili kahawa. Mara akashtuka.

"Lahaula! Bwana Nyati, hebu mtazame mwenzio makalioni!"

Nyati akachungulia. "Mzee, una unga mweupe!"

"Na wewe pia!" Kiboko akapiga kelele. "Bi Pimbi, tutakufa?"

"Sijui, mzee wangu. Ukungu huo umekula mito. Ikiisha, sijui utakula nini."

Wote wawili wakaruka wima, kurupu!

"Dawa yake?"

"Ipo. Ila aliyeikalia mito ndiye aifue. Ikifuliwa na mwingine, dawa haiponyi."

Asubuhi jua likawaka. Nyati akapiga brashi kavu, kwaru kwaru, vumbi likamwingia puani, chya! Wakafumua mito, wakaianika sufi mkekani. Kiboko akasugua foronya kwa ndimu na chumvi, jasho likimtoka.

"Tayari?" akauliza.

"Bado. Sufi ikiwa na unyevu ndani, ukungu unarudi. Geuza!"

Wakageuza mpaka sufi ikakauka kabisa.

"Na tufanyeje usirudi tena?" Nyati akauliza.

"Anayekaa awe mkavu. Mvua ikitaka kunyesha, mito iingie ndani."

Ijumaa wakwe walipofika, Kiboko alikuwa mlangoni na taulo, kakunja uso. "Umejifuta? Hapa hakai mtu mwenye maji!"

Wakwe wakajifuta, wakakaa, wakasifu mito. Posa ikapokelewa, vigelegele!

Binti akanong'ona, "Mama, ule unga ulikuwa ugonjwa gani?"

"Ugonjwa? Ni ukungu tu wa ile mito ya kukalia, mwanangu. Wangejipangusa ungetoka."

Basi, watoto, usiyeweza kumwinua kwa mikono, mpe sababu ya kuinuka mwenyewe.