Mwiba Mwishoni mwa Ngwe

Hadithi yaja, wajukuu zangu!
Na ije!
Yaja na nini?
Na jembe begani!

Basi sogeeni. Lakini msigeuke nyuma.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na Nungunungu mjane na watoto wake wawili. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na ghalani hamna hata punje. Akahesabu kwa kucha zake: vibaba saba vya mtama vingewavusha mpaka mvua.

Kibarua kilikuwa kwenye shamba moja tu. Mwenye shamba hakuna aliyepata kumwona. Sauti yake ilitoka kichuguuni, jua likiwa utosini, saa ile kivuli chako kinapojificha chini ya miguu.

Nungunungu akaenda. Njiani akaandamana na Fisi.

Kichuguu kikauliza, "Mwisho wako uko wapi?"

Nungunungu akang'oa mwiba mgongoni, akapima ngwe yake ya kulima siku hiyo, akauchomeka mwishoni. "Mwisho wangu hapa. Kibaba kimoja."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Miiba wee! Kibaba ni chakula cha kifaranga! Mimi sichomeki kitu. Nalima mpaka nitosheke."

"Shemeji, nguvu zangu za leo ndizo hizi. Kesho nitaongeza."

Kichuguu kikasema polepole, "Atakaye mwingi, mwingi uko mbele."

Mara mbele ya Fisi likatokea lundo la mtama mweupe. Akalima. Ku! Ku! Ku! Lundo likasogea. Akalima tena. Likasogea tena.

Nungunungu akafika kwenye mwiba, akakuta kibaba chake kimejaa. Akajiendea nyumbani.

Siku ya pili mikono ilikuwa imezoea. Akachomeka mwiba mbali zaidi. "Mwisho wangu hapa. Vibaba viwili." Akalima, akapata. Fisi alikuwa kule mbali, mdogo kama panya.

"Shemeji, hujalala?"

"Nimekaribia!"

Siku ya tatu: "Mwisho wangu hapa. Pishi nzima, vibaba vinne." Akalima hadi mgongo ukalia. Alipofika mwibani, akaona punje zinang'aa hatua moja tu mbele. Sauti ikamnong'oneza. Ilikuwa sauti ya marehemu mumewe.

"Jembe moja tu, mke wangu. Moja tu."

Jembe likainuka mikononi mwake. Akasogeza mguu, na mwiba wake mwenyewe ukamchoma. Uwi! Akasimama.

"Wewe si mume wangu," akasema. "Mume wangu jua likifika hapa alikuwa akiniita nyumbani."

Akachukua pishi yake. Kisha akaita, "Shemeji Fisi, turudi!"

"Nimekaribia!" Sauti nyembamba kama ya mbu.

Nungunungu akakinga jua kwa mkono, akatazama. Aliona jembe likipanda na kushuka. Jembe peke yake. Aliyelishika hayupo.

Watoto walikula mpaka mvua. Mke wa Fisi alipokuja kumuulizia mumewe, Nungunungu alimpa konzi ya mtama na miiba mitatu.

Bibi yangu mzaa mama akifika hapa alikuwa akinyamaza, tusikilize. Adhuhuri, upepo ukitulia: ku... ku... ku...

Wajukuu zangu, atafutaye riziki achomeke kwanza mwisho wa leo, kesho ausogeze mbele kidogo. Asiye na mwisho hafiki, hata awe na nguvu za fisi.

Hadithi yangu imefika mwibani. Mimi naweka jembe chini. Mwenye yake na aanze kulima.