Raihana na Mwana wa Sultani Aliyefungwa Ndani ya Povu

Wamehadithia wenye kuhadithia, na Mungu ndiye mwenye ilimu ya yote, ya kuwa mji wa Kandarusi ulitawaliwa na Sultani Fakhrudini bin Tamimu, mfalme mkunjufu wa mkono na mwepesi wa machozi, na Mola alikuwa amemruzuku mwana mmoja tu, jina lake Tajudini, kijana jamali wa sura na mcheshi wa maneno, ila kidole chake kilikuwa hakitulii.

Siku moja Tajudini alikuwa hamamuni akioga, na juu ya maji akaona puto la povu la sabuni, linameremeta zari na zambarau, na badala ya kulitazama na kumsifu Muumba, akalitia kidole. Pu! Kumbe lile lilikuwa kasri la jinni Zimbarani, aliyelijenga kwa ajili ya harusi yake.

"Ewe mwana wa Adamu!" jinni akanguruma, na kuta za hamamu zikatoka jasho. "Umenivunjia nyumba na bibi arusi yuko njiani. Basi nami nitakujengea yako, ukakae ujue utamu wake."

Akapuliza pumzi moja, na Tajudini akajikuta ndani ya puto kubwa kama chumba, na upepo ukalichukua mpaka Shimo la Usingizi, nje ya lango la mji. Na shimo hilo lilikuwa na chemchemi itokotayo pasipo moto, na katika chemchemi ilitoka hewa nzito isiyoonekana, iliyojaa humo kama maji katika bakuli. Taa ikiteremshwa ilizimika, na ndege akizama hakuibuka. Juu ya hewa hiyo puto likaelea, halipandi wala halishuki, kama yai katika maji ya chumvi.

Sultani akaja mbio, kilemba mkononi, akapiga magoti. Zimbarani akamwambia, "Sina haja ya damu yake. Mwenye kumfikisha ukingoni bila kulitoboa puto, wala kulishika kwa mkono, kamba au fimbo, na amchukue. Asipotokea mtu, mwanao atalala usingizi usio na alfajiri."

Na hilo lilikuwa kweli, kwa maana hewa nzito ilikuwa ikipenya utando kidogo kidogo, na kila ilipoingia puto lilivimba na kudidimia, na utosini mwake zile rangi zikaanza kufifia, pakawa peusi, nayo ndiyo dalili ya povu lililo karibu kupasuka. Wakaletwa watu wenye mapepeo makubwa wakapunga kwa nguvu, lakini upepo uliitibua ile hewa, puto likazama kimo cha mtu, na Sultani akapiga ukelele, "Acheni! Mnaniulia mwanangu!"

Katika umati alikuwamo Raihana, binti wa Bwana Sufiani, tajiri wa kaharabu, lile jiwe jepesi la rangi ya asali linalotungwa tasbihi. Kila siku Raihana aliyasugua mawe hayo kwa hariri yang'ae, na kila siku aliudhika, kwa kuwa yakishasuguliwa yalirukiwa na mavumbi, nyuzi na manyoya, yasibanduke. Sasa alipolitazama lile puto, maudhi yake yakageuka kuwa fikra.

Akasogea, akainama. "Bwana wangu Sultani, kaharabu ikisuguliwa huita."

"Huita nini, binti yangu?"

"Huita kila kilicho chepesi. Na mwanao, kwa heshima yako, amekaa katika nyumba nyepesi kuliko zote."

Bwana Sufiani akamvuta ushungi. "Mwanangu, hapa si dukani. Ukikosea, ni shingo zetu."

"Nikinyamaza, baba, ni shingo yake," akajibu.

Ikaletwa kaharabu kubwa kupita zote, mfano wa tikiti, na Raihana akaisugua kwa hariri mpaka ikaanza kulia ta-ta-ta na vinyweleo vya mkono wake vikasimama. Akainyosha mbele. Lo! Puto likajipinda kuelekea kwake, likaja polepole kama ng'ombe aitwaye na mwenyewe, na watu wakapiga vigelegele.

"Ewe binti," Tajudini akasema kwa sauti iliyojaa usingizi, "sikujui, lakini usiache. Hadithi zote nilizokuwa nikijisimulia zimekwisha."

Vigelegele vile vikamzidishia Raihana hamu, akainyosha kaharabu kupita kiasi, na puto likaruka, likaigusa kwa ncha, cheche ndogo ikalia, na papo hapo likamkimbia! Likapita juu ya ulimi wa mwamba ulioingia katikati ya shimo, likasimama ng'ambo yake. Alipoinua tena kaharabu, likazidi kumkimbia. Sultani akafunika uso. Raihana akasema moyoni, 'Nimemwua.'

Kisha akalitazama tena. Linakimbia, ndiyo, lakini hukimbilia upande mmoja tu, ule anakoielekeza yeye kaharabu. Akakumbuka unyoya mmoja ambao, ulipokwisha kuigusa kaharabu, haukuganda kama mengine, bali ulitimuliwa ukawa unafukuzwa chumba kizima.

"Tandikeni mazulia ya sufu ukingo wa ng'ambo!" akapaza sauti. "Makavu, yateremke hadi shimoni! Asiyekubali kuja kwa kuitwa, atakwenda kwa kuswagwa!"

Akavuta pumzi, akaubana mdomo, akaingia juu ya ulimi wa mwamba, na ile hewa ya mauti ikamfika kiunoni. Akaisugua kaharabu, akaielekeza, na puto likarudi nyuma, na yeye akasonga, nalo likarudi, mpaka likayafikia mazulia. Wala halikupasuka! Sufu kavu haina kiu ya povu. Likabiringika juu yake kama mpira, likapanda, likaja kutulia nchi kavu.

Raihana alirudi mbio ukingoni, akavuta hewa kwa kishindo, akazunguka shimo pamoja na Sultani hadi lilipotua puto. "Sasa, bwana," akamwambia Tajudini, "kile kidole chako."

Tajudini akakitia. Pu! Akaanguka kifuani mwa baba yake, akilia na kucheka.

Zimbarani alikuwa amekunja uso. "Umeligusa!"

"Sikuligusa, bwana wa majini. Nyumba yako ndiyo iliyolibusu jiwe langu, kisha ikaona haya ikakimbia."

Jinni akatazama mbingu, akatazama chini, akaangua kicheko kilichotikisa minara. "Wallahi, mke wangu lazima aisikie hii!"

Sultani akatangaza nusu ya hazina kuwa mali ya Raihana. Tajudini, kwa adabu ambayo hakuna aliyemjua nayo, akamwuliza kama atakubali posa yake.

"Nitakubali," akasema Raihana, "kama utajifunza kutazama kabla ya kugusa."

"Nitajifunza. Ila usinifundishe kwa kuniswaga."

Wakaoana, na Zimbarani na mkewe wakahudhuria, na watu walisherehekea hata wapishi wakachoka. Raihana akatajirika kwa mali na kwa mapenzi, na Shimo la Usingizi likajengewa ukuta ili asipotee mtu tena. Na funzo la kisa hiki ni kuwa jambo likikukimbia usilie upesi. Angalia kwanza linakimbilia wapi, huenda ndiko ulikotaka liende. Hapa ndipo habari yao ilipotua, nasi tuliosikia Mungu atujaalie mwisho mwema kama wao.