Matete ya Bwawani

Kikao Maalumu cha Upanuzi wa Njia ya Bwawani, ili Mheshimiwa Tembo na Bwana Nyati Wasigusane Mbavu Wapishanapo.

Hilo ni jina la kikao tu, wanangu, hadithi bado. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bwawa!

Likaenda wapi?

Huko ndiko twendako.

Hapo zamani za kale, wanyama waliazimia kufyeka matete ya bwawani ili njia ipanuke. Chura aliposikia, moyo ulimpasuka. Mayai yake yalikuwa yameshikamana na mashina ya matete yayo hayo. Akaenda kikaoni, ruka tua, ruka tua.

Kikao kilikuwa na desturi: msemaji apande juu ya kichuguu. Asiyepanda hajasema, hata apasue koo.

"Mheshimiwa, msiyakate!" akalia Chura toka chini.

"Nani anasema?" akauliza Tembo, mwenyekiti.

"Hakuna anayesema," akajibu Fisi, karani. "Kuna mtu analia tu."

Matete ya mashariki yakafyekwa.

Siku ya pili Chura akapanda kichuguu, akafika nusu, akateleza, akaanguka chali.

"Nusu ya maneno tumeipata, bibi," akasema Fisi. "Hiyo nyingine utaileta."

Kikao kikaangua kicheko. Matete ya magharibi yakafyekwa.

Siku ya tatu akapanda tena, akaanguka, akapanda, ngozi imemkauka kama jani, mpaka akafika kileleni.

"Haya, Bi Chura," akasema Tembo. "Hayo matete yana faida gani?"

"Wanangu wamo humo."

"Na hao wanao wana faida gani?"

Chura akamkazia macho. "Mheshimiwa, na wewe una faida gani kwa matete?"

Hata Fisi alisahau kucheka. Tembo akapunga masikio, akapunga tena.

"Swali zito hilo. Litajadiliwa kikao kijacho. Kwa sasa tumalizie yaliyobaki."

Yakafyekwa. Njia ikawa pana, safi, ya kujivunia. Tembo na Nyati wakapishana wasigusane hata unywele. Lakini jua likalipiga bwawa bila kizuizi, kwato zikalivuruga tope, na kiangazi kilipokuja wanyama waliifuata njia yao nzuri mpaka mwisho, wakakuta udongo uliopasukapasuka.

"Karani," akasema Tembo kwa sauti ndogo, "mwite yule bibi alete swali lake."

Fisi akaita. Akaita tena. Akaita mara ya tatu.

Funzo ndilo hili, wanangu: usikiulize kiumbe kinakufaa nini kana kwamba kiliumbwa kikungoje wewe. Na asiyeweza kupanda kichuguu, inama umsikie.

Njia ya hadithi imeishia hapo; mwenye kiu asinililie mimi.

Mayai yalikaukia juani, na Chura alifia kando ya mayai hayo.